Gari Lililohesabiwa Kuwa Limefika

Siku ya zoezi baba alivaa shati safi kama anakwenda kanisani. Kila mwaka ving'ora vya ghala la jeshi la silaha za sumu vikilia, wanaopakana na ua wake, hapa Kentucky, wanavishwa kadi shingoni na kujifanya majeruhi. Ya baba iliandikwa "Hapumui vizuri." Hilo ni kweli hata bila zoezi; mapafu yake yamechoka, na mtungi wa oksijeni haumwachi.

Miaka yote gari la uokoaji nililiendesha mimi, mwajiriwa wa jeshi. Mwaka huu jeshi likaikabidhi kazi kampuni, na kampuni ikatutimua sote. Basi nikakaa na baba uani kwake, mikono mitupu, nikitaka kujua jambo moja tu: watamfikia?

Ving'ora vikalia. Baba akajilaza kwenye nyasi.

"Darla, nikikoroma nipige teke. Maiti hakoromi."

"Wewe si maiti, baba. Wewe majeruhi."

"Ngoja kwanza tuone."

Tukangoja. Barafu ikayeyuka yote kwenye chai yetu ya baridi, barabara bado tupu. Mwishowe akaja mkaguzi, Bwana Pruett, akitabasamu, akaanza kukusanya kadi.

"Hongereni. Tumemaliza."

"Gari liko wapi?" nikamuuliza.

"Limeshafika."

"Limefika wapi? Kwani mimi sina macho?"

"Dada, kampuni haijapata watu wa kutosha. Kwa leo gari limehesabiwa kuwa limefika."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Basi na mimi nihesabu nimepona."

"Umeshahesabiwa, mzee," akajibu, wala hakuwa anatania.

Nilitamani kumzaba kofi, lakini kofi lisingeleta gari.

Alipoondoka nikamsihi baba ahamie kwangu mjini. Akakataa kama kawaida yake: nyumba iliyopakana na sumu nani atainunua, na mama amezikwa pale nyuma. Kisha akanishika mkono.

"Siku sumu ikivuja kweli, mwanangu, usinijie. Jifungie na watoto wako, ziba madirisha kwa plastiki. Umenisikia?"

Nikasema sawa. Akashusha pumzi, ameridhika. Alidhani namtuliza tu, na kwamba siku hiyo nitamjia; kumbe nilikuwa namaanisha.