Mchokoe Huyo Ng'ombe

Gari la ng'ombe lilikuwa limeshaipita njia panda ya Kizimbani, na Bi Mwanakheir bado anasema.

"Mchokoe! Mize, mwambie mumeo amchokoe huyo ng'ombe. Meli haimngoji mtu."

Msabah aliyasikia yote, yuko mbele yake shubiri moja. Lakini mama mkwe hajibiwi uso kwa uso, wala hakatazwi. Akamjibu mkewe. "Mwambie Mama, ng'ombe anakwenda."

"Anakwenda mwendo wa biharusi!"

Meli ilikuwa ya saa sita. Hija, mtoto wao wa pekee, kapata kazi Tanga, na mwaka ule wa sitini na nane mtu akiondoka hujui atarudi lini. Mize alitaka amshike mkono tu, basi.

Wenye magari humchokoa ng'ombe kwa kumgusa: ncha ya fimbo ubavuni, upande wasioutaka aende, mkono ukarudi. Bi Mwanakheir kazaliwa Tumbatu. Yeye fimbo kaijulia mwambani, kwa pweza: unaitia shimoni, unachokoa na kuzungusha mpaka atoke mwenyewe. Walipofika mteremkoni akainyakua fimbo ya Msabah, akaipitisha chini ya kwapa la mkwewe, akamtia ng'ombe nayo tako la kushoto. Akazungusha.

Msabah, asiyeweza kumkataza, alivuta kamba tu.

Ng'ombe alikata kulia, akaingia shamba la muhogo pamoja na gari lake, akalala. Gurudumu likazama.

"Ng'ombe gani huyu asiyechokoleka!"

"Mize," Msabah akasema, "mwambie Mama..."

"Simwambii!" Mize alikwisha kushuka. "Mwambie, mwambie, mwambie! Nshachoka mimi kuwa mdomo wenu. Ng'ombe kalala, mtoto anakwenda zake, nyinyi mnastahiana!"

Akajifunga kanga kiunoni, akashika njia kwa miguu, asigeuke nyuma.

Alipofika gatini meli ilikuwa imeshajitenga. Hija yuko juu, kampa mgongo, anacheka na wenzake. Alimwita mpaka sauti ikamkauka.

Ng'ombe aliuzwa. Bi Mwanakheir alirudi Tumbatu wiki ile ile, akafia huko. Msabah alipata kibarua cha kupalilia mikarafuu. Hija alioa Tanga, akaja mara moja tu, mwaka wa sabini na mbili. Mize akampikia, akakaa kizingitini, akawa anamtazama anavyokula.