Sketi ya Kukamulia

Daktari pale Nakuru aliubonyeza mkono wangu nikapiga nduru. Akasema kano za kifundo cha mkono zimevimba kwa sababu ya kukamua miaka yote bila kupumzika. Niweke barafu, nifunge bandeji, nisikamue mpaka uchungu upungue, halafu ndio nianze mazoezi polepole.

“Nipumzike? Na Malkia atakamuliwa na nani?”

“Na mimi,” akadakia mume wangu Hiram. “Kwani kukamua ni kazi?”

Malkia ni ng'ombe wetu, na hataki mkono mgeni. Alimpiga Hiram teke, akazuia maziwa. Basi Hiram akavaa sketi yangu, kitambaa changu cha kichwa na gambuti zangu, akaimba wimbo wangu wa kanisa kwa sauti nyembamba. Maziwa yakashuka. Kijiji chetu kizima cha Dundori kikaanza kumwita kwa jina langu, Mama Becky, na yeye, bila haya, akawa anaitika.

Mwezi haukuisha kabla hajashindwa kushika kikombe. Tukateremka mjini mbio, hata sketi hakuvua. Daktari akambonyeza kifundo. Hiram akapiga nduru kwa sauti ile ile ya wimbo.

“Mathe, si nilikwambia upumzike?” daktari akafoka bila kuinua macho.

Nikangoja Hiram amwambie yeye ni mwanaume. Akajifuta machozi na kitambaa changu.

“Nipumzike? Na Malkia atakamuliwa na nani?”

“Na mimi,” nikamwambia. “Kwani kukamua ni kazi?”