Shemeji Kwenye Konsoli

Kazini walimwita Bi Funguo, na si kwa mapenzi. Yeye ndiye aliyeamua nani aingie na nani asiingie kwenye seva za hospitali, na kumkatalia mtu hakukumpa tabu hata kidogo. Seva zenyewe hazikuwa hospitalini. Ziliwekwa kwenye jengo la kupanga nyuma ya milima, mwisho wa barabara ya vumbi. Alizifikia kwa konsoli, kisanduku kilichofungwa kando ya mashine ili mtu aliye mbali aone skrini yake na kubonyeza kana kwamba ameketi mbele yake. Mwenye konsoli ameshika roho ya mashine. Anaweza kuiwasha, kuizima, hata kuifuta yote.

Ndiyo maana aligombana na meneja siku meneja huyo alipoamuru idara nzima itumie neno moja la siri.

"Kila mtu awe na lake," alisema Bi Funguo. "Kitu kikiharibika tujue nani kakigusa."

"Mama, unatuchelewesha bure. Watu wazima hawa."

Bi Funguo akatii, akaweka neno moja. Mkubwa hakosei, hata akikosea.

Kule nyuma ya milima, mtunzaji wa jengo alikuwa mdogo wake Bi Funguo wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, ambaye mpaka leo, na ndevu zake zote, aliitwa Kitinda. Kazi yake ilikuwa jenereta, viyoyozi na makufuli. Aliwahi kumwomba dada yake amfundishe konsoli. Dada akakataa: kazi yako haiihitaji. Kitinda akanuna, na kwa muda mrefu simu zao zikawa za mafuta ya jenereta tu.

Basi asubuhi moja majibu ya maabara yakatoweka kwenye kompyuta za madaktari. Wodini watu wakaanza kutolewa damu upya, na mtoto aliyekuwa anasubiri kupasuliwa akarudishwa kitandani na njaa yake. Bi Funguo akafungua konsoli. Neno la siri likakataliwa. Akaliandika tena polepole, herufi moja moja. Likakataliwa. Kuna mtu alikuwa amelibadilisha.

Alipoingia kwa meneja alimkuta ameshapata mkosaji.

"Ni mdogo wako. Kuna nani mwingine kule? Nimeshaagiza atolewe nje ya geti."

"Kitinda hajui neno la siri."

"Dada yake analijua," alisema meneja kwa upole, kama mtu anayekusogezea kiti.

Bi Funguo alitoka bila kufunga mlango. Akaingia garini kwenda kule nyuma ya milima. Kabla hajaondoka akampigia mdogo wake.

"Hukugusa kitu chochote?" aliuliza, na papo hapo akatamani kuyarudisha maneno mdomoni.

Kitinda akajibu, "Dada, kidude hicho ulininyima. Leo nafukuzwa kwa kidude hicho hicho, na wewe bado unaniuliza."

Alimkuta ameketi juu ya jiwe nje ya geti, begi magotini, mgongo ameupa jengo. Askari wa getini akasema ameamriwa asimruhusu. Bi Funguo akamwambia, "Anaingia na mimi. Lawama niandikie mimi." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini askari alifungua.

Ndani kulikuwa na baridi na mvumo wa mafeni. Akachomeka skrini na kibodi moja kwa moja kwenye seva ya maabara, kwa kuwa aliye mbele ya mashine hana haja ya konsoli. Skrini ikawaka. Kabla hajagusa chochote, mshale wa kwenye skrini ukaanza kutembea wenyewe.

"Dada, unafanya nini hapo?"

"Sifanyi kitu."

Mshale ulifungua jalada, ukalifunga, ukafungua jingine, kama mgeni anayefunua sufuria jikoni kwa watu. Bi Funguo akafungua ukurasa mtupu na kuandika: Nani wewe?

Mshale ukasimama. Kisha herufi zikatokea zenyewe.

mimi shemeji wa meneja. kanipa neno la siri nijifunzie. we nani

Akaandika: Kwa nini ulibadilisha neno la siri?

lile la kwanza gumu kukumbuka

Kitinda akacheka, kicheko kikavu kama kikohozi. Dada yake akaipiga picha ile skrini, akashika waya wa mtandao wa konsoli, akaung'oa kwa nguvu hata kidole kikachubuka. Halafu akakaa chini, akarejesha majalada yaliyovurugwa. Majibu ya maabara yaliporudi, alimwacha Kitinda mle ndani na funguo zake, akaendesha gari hadi kwa mganga mkuu wa hospitali, mama mmoja mchovu asiyependa kelele.

Meneja alikuwa ametangulia kufika. "Tusilikuze jambo," alisema alipoonyeshwa picha. "Kijana alikuwa anajifunza tu."

"Mdogo wangu naye aliomba kujifunza. Nilimkatalia kwa sababu kule kuna maisha ya wagonjwa. Wewe ukamgawia shemeji yako neno la siri kama peremende, kisha zigo ukambebesha mdogo wangu." Akamgeukia mganga mkuu. "Konsoli nitairudisha kila mtu akiwa na neno lake. Meneja hatapata, kazi yake haiihitaji. Na ampigie Kitinda sasa hivi, hapa hapa."

Mganga mkuu aliitazama ile picha tena. "Mpigie," alisema.

Meneja akapiga. "Kijana, kulitokea hitilafu ya—"

"Hakukuwa na hitilafu," alisema Bi Funguo.

Meneja akakohoa. "Nilikusingizia. Unisamehe."

"Nimesikia," alijibu Kitinda, akakata simu.

Shemeji hakuonekana tena kwenye mashine zile. Meneja alibaki na kiti chake, akazoea kumpita Bi Funguo koridoni huku anasoma simu yake. Hilo lilimkera Bi Funguo kila siku, na hakulificha.

Jumapili iliyofuata Kitinda alifika kwa dada yake, akala, akaosha mikono. Mlangoni akageuka. "Ulidhani ni mimi?"

"Nilipouliza, ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa viatu bila haraka, akaondoka. Bi Funguo alisimama pale mlangoni, hasira yote aliyokuwa nayo kwa meneja imemgeukia yeye mwenyewe.