Mkono wa Chuma Ukisimama

Kila walipoingia kiwanda cha matunda kule Shepparton, Masina alimvuta binti yake shati.

"Lanuola, ule mkono ukitembea, wewe simama."

"Mama, wimbo huo hata mkono wenyewe umeshaukariri."

Ulikuwa mkono wa chuma, mrefu, na pale penye vidole uliwekewa vikombe vya mpira. Vikombe vilinyonya hewa, vikaganda kwenye katoni nzito ya makopo ya pichi, mkono ukaipandisha juu na kwenda kuipanga. Wasamoa wa pale, wahamiaji kutoka visiwani kama Masina na bintiye, waliuita Matai, yaani chifu, maana ulisimama katikati na hausemi na mtu. Na kwa kuwa kwao hupiti mbele ya wakubwa ukiwa wima, Lanuola akipita nje ya uzio wake aliinama na kusema "tulou", niwieni radhi, wenzake wakashika mbavu kwa kucheka.

Siku hiyo umeme ulikatika. Mkono ukakwama hewani na katoni yake. Kimya. Masina akashusha pumzi, kwa sababu kile alichokiogopa kimelala.

Makopo yalikuwa yamemwagika ndani ya uzio. Darren, msimamizi, akafungua mlango wa uzio. "Nani anaokota?"

"Mimi. Chifu kasinzia," alisema Lanuola.

"Usimkanyage mguu, atakunyima mume," mmoja akamtania.

Akaingia ameinama kabisa, akapita chini ya katoni. "Tulou, mzee."

Masina naye alicheka.

Hakuna aliyefikiria kwamba vikombe vile hushika kwa kunyonya tu, na umeme ukikosekana hewa hujipenyeza humo kidogo kidogo. Mkono haukutikisika. Mpira ulilegea, katoni ikamshukia binti wa watu shingoni.

Alizikwa hukohuko, mbali na bibi zake. Ndugu walileta mikeka ya heshima, wakaikunjua mmoja baada ya mwingine mbele ya mama yake, naye hakuitazama.

"Nilimwambia auogope ukitembea," alimwambia dada yake. "Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ukisimama hauna neno."



Basi wewe mwenye mtoto kiwandani, usimwambie nusu. Mwambie kilichoinuliwa juu bado kinaweza kuanguka, hata mashine iwe imezimwa, na asipite chini yake mpaka kishushwe chini.