Rafiki Mpya wa Houda

Mwantum na Houda waliimba pamoja tangu walipokuwa wasichana wa madrasa, pale mtaani Bwiza. Houda alikuwa na sauti ya juu iliyopanda bila kutetereka. Mwantum alikuwa na sauti nzito ya kuitikia. Walipokuwa watu wazima, kila mmoja na mume na watoto wake, wakaanzisha kikundi cha kasida cha wanawake, na harusi nyingi za mtaani zikawa hazikamiliki bila matari yao. Mwantum ndiye aliyekuwa kiongozi. Alichagua kasida na kuzitolea sauti ya kuanzia, alishona sare, aliamua nani akae wapi. Houda hakujali mambo hayo. Aliimba tu.

Kisha akaja Irène.

Irène alikuwa karani wa benki moja huko Rohero, katikati ya mji, Mkristo, mrefu, mcheshi, na yeye na wenzake wachache walikuwa na bendi ya rumba. Alimsikia Houda kwenye harusi ya jirani, akamfuata mpaka kwenye kibanda cha Houda cha kuuzia viatu, akamwomba aimbe nao katika tamasha la muziki ufukweni mwa ziwa. Houda alikubali palepale. Mwantum aliambiwa baadaye.

"Ni Jumamosi tu," Houda alisema. "Jumapili niko na nyinyi kwenye hitimu ya watoto wa madrasa. Siwezi kukosa."

"Mi sijasema kitu," Mwantum akajibu.

Lakini tangu siku hiyo kila habari ya Houda ilikuwa na Irène ndani yake. Irène kasema hivi, Irène kanipeleka pale, ungemsikia Irène anavyoigiza bosi wake. Mwantum alitabasamu, na nyumbani alikoroga uji kwa hasira mpaka mumewe, Karimu, akamuuliza sufuria imemkosea nini.

Mwantum alimwambia Houda kwamba hatakwenda ufukweni, kwamba watu wanalewa kule na si mahali pake. Jumamosi mchana akavaa buibui, akakata tiketi, akaingia.

Alisimama nyuma kabisa, karibu na wachoma mishikaki, moshi ukimuingia machoni. Vijana walikuwa wamevaa kaptula, makreti ya bia yamepangwa mchangani, spika zinapiga mpaka kifua kinatetemeka. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilionekana kwa mbali, rangi ya bluu. Houda akapanda jukwaani, kilemba kimefungwa vizuri, gauni la kitenge cha manjano. Irène alikuwa amevaa kitenge hichohicho.

Nani aliwashonea? Mwantum alijiuliza. Hakuna aliyekuja kwake.

Mwanzoni watu waliendelea na mazungumzo yao. Houda alipofungua mdomo, mazungumzo yakapungua, kisha yakaisha. Irène akasogea kwenye maikrofoni ileile, akamuitikia kwa sauti ya chini, polepole, mabega yao yanagusana.

Irène hakuimba vibaya. Hilo ndilo lililomuuma Mwantum. Angeimba vibaya, angemsamehe yote, hata kitenge. Katikati ya wimbo Houda akacheka, mdomo wazi, kichwa nyuma, kama alivyokuwa akicheka zamani kabla hawajaolewa. Kwenye kasida hakucheka hivyo. Watu wakapiga kelele warudie, nao wakarudia, kisha wakarudia tena. Mwantum hakusubiri mwisho. Alirudi kwa miguu kupitia upande wa bandari, jua kali kichwani, viatu vinamchuna visigino.

Jumapili uwanja wa madrasa ulifunikwa maturubai na mikeka ikatandikwa. Watoto waliohitimu Kurani walikaa mbele, wasichana wamejitanda nyeupe. Hapa hapakuwa na spika wala jukwaa, palikuwa na harufu ya udi na pilau, na wanawake wa matari wamekaa nusu duara. Houda alikuja kwa wakati kama alivyoahidi. Nyuma yake alikuja Irène, kichwa amekifunika mtandio wa kuazima, mikononi sinia la keki.

"Amesema anataka kusikia ya kwetu," Houda akaeleza. Sauti yake ilikuwa imekauka. Akainama sikioni kwa Mwantum. "Dada, jana niliimba sana. Leo uanzie chini kidogo."

"Sawa," Mwantum alisema.

Akachukua tari. Alipoinua macho akamwona Houda akimnong'oneza Irène kitu, na Irène akicheka, mkono mdomoni. Mwantum aliamini kwamba wanamcheka yeye.

Akaanza juu. Juu kuliko walivyowahi kuimba hata walipokuwa na miaka kumi na sita. Wanawake wakatazamana. Houda alimwangalia mara moja tu, kisha akaipokea kasida. Ubeti wa kwanza akauvuka. Kwenye wa pili sauti ikapasuka, ikatoka mkwaruzo mtupu, na wasichana wawili mbele wakacheka. Houda akanyamaza, kichwa chini. Saliha, mwimbaji mwenzao aliyekaa nyuma yake, alijaribu kuidaka sauti, akashindwa. Mwantum akamaliza peke yake kwa sauti yake nzito, matari yakipishana hovyo.

Alitaka Houda ajutie kwenda ufukweni. Alichoona ni Irène anainuka na kikombe cha maji, anakaa karibu na Houda, pale anapokaaga Mwantum mazoezini, anampapasa mgongo.

Houda aliondoka kabla ya pilau.

Jumatatu asubuhi Mwantum alikwenda kwake. Alimkuta uani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakukaribishwa, akakaa mwenyewe kwenye kigoda.

"Nilianza juu kwa makusudi," alisema.

"Najua."

"Niliona mnanicheka."

"Nilikuwa namwambia Irène asikae miguu imenyooka mbele ya maalim." Sauti ya Houda ilikuwa bado ya kukwaruza. "Watoto wangu walikuwepo pale, Mwantum. Mama mkwe wangu alikuwepo."

"Unisamehe."

Houda alitupa kijiwe nje ya ungo. "Wiki hii mi sikuji mazoezini. Wiki ijayo nitakuja. Na ufukweni nitaimba tena wakiniita, nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu."

"Niliwaona Jumamosi. Nilikuwa nyuma."

Houda akainua uso, ameshangaa. "Ulikuja? Na hukunisalimia?"

"Wivu," Mwantum alisema.

Houda akausogeza ungo katikati yao, na Mwantum akaanza kuchambua upande wake. Simu ya Houda ikalia. Akaitazama, na kabla hajapokea alikuwa ameshatabasamu. Mwantum alijua ni Irène, na wivu ule wa Jumamosi ukamrudia. Akainamisha macho, akaendelea na maharagwe.