Tiki Inayorudi Yenyewe

Kila asubuhi, kabla sijamsalimia mtu, nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta ya redio yetu pale Singida mjini na kuondoa tiki moja. Tiki hiyo ilikaa pembeni ya maneno yaliyoagiza kwamba nakala zote zilizopitwa na muda zifutwe zenyewe. Fundi aliyeletwa na mwenye redio kutoka Dodoma ndiye aliyeiweka, akaipanga kwa namna ambayo hata ukiiondoa, kompyuta ikizima na kuwaka tena, inarudi. Halafu akapanda basi akaenda zake.

Muda wenyewe ulikuwa miezi mitatu. Ukiongea redioni kwetu, sauti yako inaishi miezi mitatu, baada ya hapo programu inakuhesabu kuwa umeoza. Mwenye redio, ambaye biashara yake hasa ilikuwa mafuta ya alizeti, alilipenda sana jambo hilo, maana diski haitajaa na hatalazimika kununua nyingine. Sikubishana naye. Nilishabishana vya kutosha wakati kiwanda cha umma nilichoanzia kazi kilipouzwa, na ubishi wangu haukunirudishia hata kiti.

Nikatafuta njia yangu ya pembeni. Diski tuliyohifadhia vipindi ni ile ya kuchomeka na kuchomoa, na programu haiwezi kufuta kitu isichokiona. Ikiwa kabatini, sauti zote zimelala salama. Hatari iko pale unapoichomeka, maana tiki ikiwepo, programu inaanza kufagia papo hapo, ikianzia na vipindi vya zamani kabisa. Kwa hiyo ondoa tiki kwanza, chomeka baadaye. Festo, meneja wetu, kijana mwenye adabu hata kwa mbuzi, nilimfundisha hayo mpaka akawa anayaimba.

Ila mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme. Umeme unakatika, unarudi, kompyuta inawaka, tiki imerudi. Naiondoa. Unakatika tena. Nilichoka mpaka nikawa natukana kimoyomoyo wakati wa matangazo ya vifo, Mungu anisamehe.

Ndipo siku moja akaingia Mzee Isaka, ametoka Mgori, kofia mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kiti."

Akakaa. Akaniuliza nyumbani ni wapi, nikamwambia Manyoni. Akauliza mvua za Manyoni, akauliza watoto. Alipomaliza yote hayo ndipo akasema, "Mimi ni mume wa Dorika, yule aliyeongea habari za vitunguu."

Nilimkumbuka. Nilimrekodi mwenyewe mwaka juzi, nyumbani kwao. "Mama hajambo?"

"Tulimzika baada ya mavuno."

"Pole sana baba. Sikujua."

"Nimeshapoa, mwanangu." Akaigeuza kofia mkononi. "Lakini kuna jambo linanisumbua. Sura yake naiona vizuri tu. Sauti ndiyo imeanza kunitoka. Nikifumba macho namwona anaongea na mimi, mdomo unatembea, lakini simsikii. Watoto wakaniambia, baba, si yuko redioni? Nikasema basi niende, nikamsikie hata mara moja."

Nilimhurumia. Na pamoja na huruma hiyo, kusema kweli, nilifurahi. Kumbe ule usumbufu wa kila asubuhi ulikuwa na mtu wake, naye ndiye huyu.

"Yupo baba," nikamwambia. "Yuko kwenye kabati hilo hapo."

Nikamgeukia Festo. "Tiki nimeshaiondoa. Si uliniona?"

"Nilikuona, dada Yasinta."

Nilikuwa nafungua kabati umeme ulipokatika. Redio ikanyamaza. Mzee akatutazama kwa zamu, hajui kama ameleta mkosi.

"Ni kawaida, mzee wangu," Festo akamtuliza. "Utarudi."

Tukangoja, haukurudi. Mzee alikuwa ametoka kwake alfajiri juu ya lori la magunia, hajatia kitu mdomoni, nami sikulelewa kumwacha mgeni wa mbali akae na tumbo tupu. Nikachukua chupa ya chai nikavuka barabara kwenda kwa mama anayepika chapati. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipokaribia kuhudumiwa, taa ya duka la jirani ikawaka, watu wakashangilia kama kawaida yao, na mimi nikashangilia nao.

Kisha nikakumbuka. Umeme umerudi, kompyuta imewaka, na tiki nayo imerudi.

Nikaziacha chapati. Nilikimbia katikati ya baiskeli na kitenge changu hiki na umri wangu huu, chai ikinimwagikia mkononi. Nilipofika, mzee alikuwa ameketishwa studio kwa heshima zote, hedifoni masikioni. Diski imechomekwa. Kwenye kioo, majina ya vipindi yalikuwa yakishuka moja baada ya jingine, na mbele ya kila jina kumeandikwa kwamba limefutwa.

Nikaruka nikachomoa waya.

"Dada, si ulisema umeiondoa?" Festo akauliza.

"Niliiondoa kabla umeme haujakatika, Festo!"

Akashika kichwa. "Sikutaka mzee aendelee kungoja," akasema. "Ametoka mbali."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena ya kujaza gunia. Niliyameza. Angejibu nini? Alifanya alivyofundishwa na mama yake, kama mimi nilivyokwenda kutafuta chai kwa sababu ya mafundisho ya mama yangu. Nikaondoa tiki, nikachomeka diski upya, nikatafuta. Mwaka jana wote ulikuwepo. Wa mwaka juzi ulibaki mkia tu. Kipindi cha vitunguu kilikuwa cha kiangazi cha mwaka juzi, na kiangazi chote kilikuwa kimefagiwa. Nikampigia fundi Dodoma. Akasema kilichofutwa kimefutwa, na kwamba nisiwe na wasiwasi, programu imefanya kazi yake.

Mzee Isaka alikuwa bado ameinamisha kichwa na ile hedifoni, anasikiliza.

"Bado sijasikia kitu, mwanangu," akasema.

Nikamvua polepole. "Baba, sauti ya mama imefutika. Imefutika sasa hivi, wewe ukiwa umekaa hapa. Utusamehe." Nililia, sikuweza kujizuia. Festo akatazama ukuta.

Mzee akaniuliza, "Lakini wewe ulikaa naye?"

"Nilikaa naye, baba."

"Alisemaje?"

Ya vitunguu sikukumbuka hata neno moja. Nimerekodi watu wengi mno, na habari za vitunguu zote zinafanana. Nilichokumbuka ni kile nilichokikata mwenyewe kabla ya kurusha kipindi. Kuku aliingia chini ya meza. Mama Dorika akaniambia, ngoja kwanza mwanangu, nimtoe huyu, atatuharibia mazungumzo. Akamsemesha yule kuku kwa Kinyaturu, taratibu, kama anayemwomba mtoto ampishe. Kuku akatoka, akarudi. Akamwambia tena yale yale, sasa kwa ukali, nami nikacheka mpaka nikatikisa kinasa sauti.

Nilimweleza mzee hayo yote. Akanisogelea. "Alimwambiaje?"

Mimi ni Mgogo, Kinyaturu nakisikia kwa jirani tu. Nikajaribu kutoa kile kilichobaki sikioni mwangu.

Mzee akakunja uso. "Sivyo."

Nikajaribu tena, nikapandisha kidogo.

"Sivyo kabisa, mwanangu. Hapo mwisho alikuwa anavuta, halafu anashusha."

"Anavuta vipi, baba?"

Mzee Isaka akafungua mdomo, akamfukuza kuku kwa sauti nyembamba, ya kike, ambayo haikuwa yake. Akashtuka. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

Akasema tena. Akavuta, akashusha. Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka, akasema tena. Saa ya taarifa ya habari ikafika, ikapita, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia apishe kipaza sauti.