Namba ya Mvua kwenye Safu ya Mto

Kitu cha kwanza alichokiona Bernadeta ni namba 312, imekaa mahali ambapo si pake.

Daftari lake lilikuwa na safu mbili. Kushoto aliandika mvua: kile kikombe kidogo juu ya paa la ghala kimejaa na kupinduka mara ngapi. Kulia aliandika kina cha mto kwa sentimita. Zote mbili alizinakili kutoka kwenye kioo cha sanduku la king'ora lililofungwa ghalani kuonya mafuriko, linalolia mto ukipita 250, kisha akateremka mtoni kusoma nguzo iliyopakwa rangi, ili watu wajue kama sanduku linasema kweli. Ndiyo kazi aliyopewa, kwa sababu anaamka mapema na haongei sana.

Jumatatu, mvua: 312. Dakika ile ile, mto: 312. King'ora kikalia, kijiji kizima kikapanda mlima na watoto mgongoni. Nguzo ya mtoni ilisema 140.

Akarudisha kurasa nyuma. Siku ya kengele ya uongo iliyotangulia, 287 na 287. Ile ya kwanza kabisa, 264 na 264. Alifunga daftari haraka, kama mtu aliyechungulia barua isiyo yake.

Jioni hiyo kamati ilikaa barazani mwa ghala. Eustace, muuza karoti mwenye sauti ya tarumbeta, hakungoja kupewa nafasi.

"Mimi nilitoka bafuni na povu la sabuni, jamani! Nimekimbia nalo mpaka kwa Masista!"

"Na hukurudi kuchukua taulo," mama mmoja akamjibu, baraza likaangua kicheko.

Mwenyekiti, mzee Deogratias, hakucheka. "Mara tatu tumekimbizwa bure. Mara ya nne hakuna atakayekimbia, na mto utakuja kweli. Kitu kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwa na kitu. Jumapili baada ya misa sanduku linang'olewa."

Luqmani, fundi kutoka mjini aliyelitengeneza sanduku, aliinamisha kichwa. Mwezi mzima alikuwa akilitafuta kosa mtoni. Kipimo cha maji alikwisha kukibadilisha mara mbili.

Bernadeta alikuwa amekaa nyuma, penye magunia. Mashamba ya chini yote yako bondeni, na la mama yake ndilo la mwisho, linapakana na maji. Watu walipotawanyika, akaenda mezani kwa Luqmani, akaweka daftari mbele yake, akagusa namba kwa kidole. 312. 312. Kisha kurasa za nyuma.

Luqmani alizilinganisha namba, ukurasa kwa ukurasa. "Dada Bernadeta," akasema polepole, "mto unasoma namba za mvua?"

"Sijui, fundi. Nimeona tu zinafanana."

"Haiwezekani. Kila kipimo kina kadi yake ya kielektroniki ndani ya sanduku."

"Kadi zinazipeleka wapi namba?"

Luqmani alimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Akavuta kiti.

"Zinazipeleka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Zingeweza kupitia kwa prosesa, ubongo wa kompyuta, lakini kumkabidhi namba moja moja mkononi ni kumchosha. Kwa hiyo kuna msimamizi, tunamwita kiini cha mfumo. Yeye anaitengea kadi nafasi, anaiambia, mwaga hapa. Kadi inamwaga yenyewe, moja kwa moja. Mlangoni kuna kidhibiti cha kumbukumbu, kazi yake kupanga nani aingie kwanza."

"Wakifika wawili pamoja?"

"Mmoja anasubiri."

"Na msimamizi anajuaje kwamba aliyesubiri amekwisha kumwaga?"

"Nimempa muda. Anahesabu kidogo, halafu anachukua kilichopo. Muda ule unatosha kabisa."

"Hata siku ya mvua kubwa, kadi ya mvua ikiwa na mengi ya kumwaga?"

Luqmani alianza kuuhesabu muda ule kwenye kipande cha karatasi.

Bernadeta alikuwa ameangalia meza wakati wote huo. Sasa maneno yalimtoka, kwa sababu hili alilijua tangu utotoni. "Sisi tukipakia njegere hatumpi mbebaji muda, fundi. Tenga likiwa bado linajazwa, mwenyewe anachomeka jani la gugu mdomoni mwa tenga. Akimaliza, analichomoa. Mbebaji akiona jani, haligusi tenga, hata kama gari linapiga honi. Wageni ndio wanaokosea. Wanasema, aa, muda umepita, litakuwa limejaa. Wananyanyua, wanafika barabarani na mabaki ya mtu mwingine aliyelitumia tenga kabla."

"Mabaki ya mtu mwingine," Luqmani alirudia. Akasimama, akashika kichwa. "Nafasi ni chache, zinatumika kwa zamu! Mto unatengewa nafasi ambayo mvua imetoka kuitumia. Kadi ya mto iko kwenye foleni, haijamwaga, na msimamizi wangu anachukua kilichomo ndani akidhani ni mto. Dada! Jani lipo! Kadi inayo ishara yake ya kumaliza. Niliizima mimi mwenyewe, niliona inanichelewesha."

"Basi iwashe," alisema Bernadeta.

Ilimchukua Luqmani siku tatu. Akaandika upya ile sehemu ya kiini inayozungumza na kadi: isiguse nafasi mpaka ishara ya kumaliza ije, na nafasi isipewe mwingine kabla ya hapo.

Jumamosi mvua ilianza alfajiri, mvua ile ya Uluguru isiyo na haraka wala huruma. Watu walijikusanya ghalani wakikitazama kioo kana kwamba kinaonyesha mpira. Mvua: 264. King'ora kimya. 287. Kimya.

"Inakuja, inakuja," Eustace alinong'ona, amefunga kanga ya mkewe kichwani. "Leo nimevaa kabisa."

312. Kimya. Mto kwenye kioo: 171. Bernadeta alishateremka. Alirudi amelowa chapachapa, mzee Deogratias akamuuliza kwa macho.

"Mia moja sabini na moja, mzee. Nguzo nayo inasema hivyo hivyo."

Alishuka na kupanda mara tano siku hiyo, na mara zote tano kioo na nguzo vilikubaliana. Mvua ikapita mia nne na king'ora hakikuthubutu. Wale wa bondeni, walioiona namba kwa macho yao, hawakuhitaji kubembelezwa tena: waliliamini sanduku, wakarudi mashambani.

Saa tisa alasiri mto ulifika 251, na king'ora kikalia.

Hakuna aliyeuliza. Watu walitoka mashambani kama walivyo, jembe likaachwa limelala, mama yake Bernadeta akipanda na mbuzi kamba mkononi. Hawakuwa wamefika hata kwenye migomba ya juu mlimani maji yalipokuja, mekundu, yamebeba magogo, yakalifagia daraja la miti na matuta yote ya chini. Walihesabiwa mbele ya ghala. Wakahesabiwa tena. Wote walikuwepo. Kisha vigelegele vilianza, vikapokelewa upande wa pili wa bonde na watu wasioonekana kwa ukungu.

"Sanduku halitang'olewa, mtu akitaka au asitake!" mzee Deogratias alipaza sauti.

Luqmani alikuwa ameketi juu ya gunia, kompyuta magotini, akiandika taarifa ya kupeleka mjini. Alisoma kwa sauti: "Kosa lilikuwa katika jinsi kiini kilivyochukua data kabla kifaa hakijamaliza kuandika. Limegunduliwa na..." Akainua macho.

"Andika kamati ya kijiji," mtu mmoja alisema.

"Andika fundi," mwingine akasema.

Bernadeta alisimama katikati yao, maji yakimchuruzika kutoka kwenye nywele. Miaka yote alikuwa amekaa penye magunia.

"Andika jina langu," alisema, na waliokuwa nje pia walisikia. "Bernadeta Fransisko. Ni mimi niliyeliona."